Leza Haionekani, Inasikika

Leo nimeleta jambo ambalo redio inaliweza kuliko televisheni. Karakanani kwetu tuna mashine inayokata plaiwudi kwa mwanga, na mwanga wenyewe hauonekani. Mgeni akiingia huona kinukta chekundu kikitambaa juu ya ubao, akasema, "Kumbe leza ndiyo hii!" Siyo hiyo. Kile chekundu ni kitaa cha kuonyeshea njia tu, hakiunguzi hata karatasi. Leza hasa inapita kimya, inagonga vioo vitatu, inashuka kwenye lenzi, na mpaka iguse ubao ndipo utakapoona cheche na moshi. Kabla ya hapo huna la kuona. Ndiyo maana mimi kazi hii naifanya kwa masikio.

Mimi ni mtunzaji wa mashine katika karakana ya pamoja hapa Dar es Salaam. Kwa asiyeijua, karakana ya pamoja ni mahali ambapo mtu asiye na milioni za kununua mashine anakuja na ubao wake na mchoro wake kwenye flashi, analipa kwa dakika, anakata, anaondoka. Kwetu wanakuja wachonga mihuri, mabinti wa hereni, vijana wa vibao vya keki, na wanafunzi wa usanifu majengo ambao hukumbuka kwamba wana kazi ya kuwasilisha saa mbili kabla hatujafunga. Nairobi kuna Gearbox, Kigali kuna FabLab, na duniani karakana za namna hii ni nyingi sana siku hizi. Nyingi kati yake chimbuko lake ni somo alilolianzisha Profesa Neil Gershenfeld mwaka 1998 katika chuo cha MIT, Marekani, la kufundisha watu kutengeneza karibu kila kitu. Mtunzaji kama mimi ningeomba somo hilo liwe na la pili lake, la kufundisha watu kufagia.

Turudi kwenye mwanga. Leza ya gesi tunayoitumia ilibuniwa mwaka 1964 na Kumar Patel, mzaliwa wa India, alipokuwa akifanya kazi katika maabara za Bell huko Marekani. Miaka minne nyuma yake, Theodore Maiman alikuwa amewasha leza ya kwanza duniani kwa kijiwe cha rubi. Patel akatumia gesi: kaboni dioksidi, hii hii tunayoitoa puani, pamoja na naitrojeni na heli, ndani ya bomba la kioo tunaloliita tyubu. Wimbi la mwanga wake ni mikroni 10.6. Jicho la binadamu linaishia kwenye wekundu, karibu na mikroni 0.7. Kwa hiyo hata ukikodoa, hupati kitu zaidi ya kuumia.

Na kuumia kwenyewe kuko hivi. Mwanga huu hunywewa na maji, na jicho limejaa maji. Hauendi mbali, unaishia kwenye konea, ile ngozi angavu ya mbele, unaichoma. Bahati njema ni kwamba hunywewa pia na kioo cha kawaida na akriliki, ile ambayo mafundi wengine huiita paspeksi, na ndiyo maana mfuniko wa mashine una dirisha la kuchungulia. Lakini tusichanganye mambo. Ile mashine nyingine ndogo ya kuandika kwenye chuma, leza ya fiba, mwanga wake ni wa mikroni 1.06. Huo unapita kwenye akriliki angavu kama jua linavyopita dirishani, na ukiingia jichoni unafika hadi nyuma kabisa. Miwani ya mashine moja haikulindi kwenye nyingine, na nimewaona watu wakiazimana.

Sasa tuje kwenye sauti. Fikiria umesimama nami saa tatu asubuhi, mashine haijaanza kukata. Ninawasha chila kwanza, yaani kile kisanduku cha kupozea maji. Unasikia maji yakigugumia, yakizunguka kwenye mipira, na mapovu yakitoka moja moja kwenye tyubu. Nasubiri mpaka gugumizi liishe, maana povu likikaa ndani ya tyubu, hapo lilipo kioo hakipoi. Kisha feni ya kuvuta moshi, ambayo ina mvumo mzito kama basi lililosimama kituoni. Kisha pampu ya hewa, duduududu, inayopuliza kwenye ncha ya lenzi ili moshi usipande na moto usishike. Sauti tatu. Moja ikikosekana, hakuna kukata. Kijana aliyenirithisha kazi hii alikuwa na orodha ya mambo 17 ya kukagua, imebandikwa ukutani, na sijawahi kumwona mtu akiisoma. Sauti tatu kila mtu anazikumbuka.

Ipo na sauti ya nne, ambayo ukiisikia unazima. Ni "ta!" kavu, kama kuvunja kijiti, inatoka nyuma ya mashine ilipo tyubu. Hiyo ni umeme unaruka. Tyubu inalishwa umeme wa zaidi ya volti 10,000, na umeme wa namna hiyo ukikuta njia fupi kuliko iliyopangwa, hauombi ruhusa. Unaruka kwenda kwenye chuma cha mashine, na kama ethi haijafungwa vizuri, njia inayofuata ni mkono wako. Hata ukichomoa plagi, kisanduku cha umeme huo kinaweza kubaki na chaji ndani. Mfuniko wa nyuma, basi, si wa kufunguliwa na kila mwenye bisibisi.

Hapa pwani sauti ya nne tunaijua vizuri, na sababu yake haikuandikwa kwenye kijitabu kilichokuja na mashine. Kijitabu chetu kiliandikwa China kwa mtu anayeishi mahali pakavu. Kinasema maji ya chila yawe kati ya nyuzi 15 na 25 za Selsiasi. Fundi aliyetufungia akaweka 18, akaondoka zake akiwa na furaha. Lakini hewa ya Dar es Salaam ikiwa nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 75, chochote chenye ubaridi chini ya nyuzi 25 hivi kinatokwa jasho. Mnalijua jambo hili: chupa ya soda ikitoka kwenye friji, mezani inaacha duara la maji. Tyubu yetu ilikuwa ile chupa. Maji yalitunga kwenye ncha zake, yakatiririka hadi zilipofungwa waya za umeme mkubwa, nasi tukawa tunasikia "ta!" kila asubuhi na kulaumu Tanesco. Mwezi mzima tulilaumu Tanesco! Siku moja nikapitisha kidole kwenye mpira wa maji, kikalowa.

Ukipandisha maji hadi nyuzi 25 jasho linakauka, lakini tyubu inachoka, maana ikizidi hapo nguvu yake inapungua na maisha yake yanafupika. Tukawa tumebanwa pande zote mbili. Suluhisho lilikuwa kuipoza hewa ya chumba yenyewe. Kiyoyozi kikishusha chumba hadi nyuzi 25 na unyevu asilimia 55, jasho halitungi mpaka ufike karibu na nyuzi 15, na maji ya nyuzi 20 yanakuwa salama kabisa. Watu wakiingia wakaona kiyoyozi wanadhani mtunzaji anajipenda. Nawaacha wadhani. Na msinunue zile chila za bei nafuu zenye feni na rejeta peke yake, zisizo na gesi ya kupoza. Haziwezi kushusha maji chini ya joto la chumba, na mchana wa Februari joto la chumba ni adhabu.

Maji yenyewe yawe yaliyochujwa kwa mvuke. Ya bomba yana madini, ya kisima kwetu yana chumvi, na yote mawili yanapitisha umeme na kuotesha ukijani ndani ya mipira. Dukani huitwa "maji ya betri", na mtu akitumwa kuyanunua anaweza kurudi na maji au akarudi na asidi, kutegemea muuzaji ameelewa nini. Soma chupa. Kisha mpe mwingine aisome.

Kuna jambo la waya ambalo bado linaniuma. Mashine hizi zina swichi kwenye mfuniko: ukifungua, leza inakatika. Zina nyingine kwenye maji: maji yasipopita, leza haiwaki. Yetu ilikuwa imekuja na zote mbili, na kwa miezi minane tuliamini zinafanya kazi kwa sababu hatukuwahi kuzijaribu. Siku nilipofungua paneli kutafuta mjusi aliyekuwa amekufa humo, nikakuta kipande cha waya, kifupi kama kiberiti, kimeunganisha ncha mbili za swichi ya mfuniko. Mtu alikuwa ameifunga ili isimsumbue wakati wa kupanga vioo, akasahau kuitoa. Nani? Sijui, na simtafuti. Miezi minane watu walikuwa wanafungua mfuniko wakiamini leza imelala. Tangu siku hiyo kila Jumatatu nafungua mfuniko kazi ikiendelea, kwenye kipande cha kadibodi, nikiwa nimesimama kando na miwani machoni, nione kama inakatika. Tena nachomoa waya wa tahadhari wa chila nisikie kama mashine inalia. Swichi isiyojaribiwa naihesabu kuwa haipo.

Sasa plastiki. Hapa ndipo ninapogombana na wateja. Anakuja kijana mstaarabu, ana karatasi ya plastiki nyeupe, anataka herufi za kibao cha duka.

"Mjomba, nikatie hii, ni dakika kumi tu."

"Ni nini?"

"Plastiki."

"Plastiki gani, mwanangu?"

"Plastiki ya kawaida."

Hakuna plastiki ya kawaida. Mbao nyingi nyeupe za vibao vya maduka, na reksini nyingi za kufunikia makochi, ni PVC, na PVC ina klorini. Ukiiunguza kwa leza inatoa haidrojeni kloraidi, na gesi hiyo ikikutana na unyevu inakuwa asidi. Unyevu wa hewani unatosha, na hapa pwani unyevu hatununui. Unyevu wa kooni na mapafuni unatosha pia. Mashine iliyokatiwa PVC utaijua kwa kutu: reli zinapauka, skrubu zinaota wekundu, vioo vinapata ukungu usiofutika. Hapa sasa pua haifai kitu. Ukishaisikia harufu ile kali, tayari umeivuta.

Kwa hiyo tunapima kabla. Nina kipande cha waya wa shaba uliovuliwa ganda, nimekifunga kwenye koleo. Nakipasha kwenye moto wa gesi mpaka kiwe chekundu na moto usiwe na rangi ya ajabu. Nakigusisha kwenye plastiki, inayeyuka kidogo na kushika. Nakirudisha motoni, nje, upepo ukiwa mgongoni. Moto ukigeuka kijani kibichi, klorini imo, mazungumzo yamekwisha. Wakemia wanalijua jaribio hili kwa jina la Beilstein. Vijana wa karakanani wanaliita "kumwuliza shaba", na wanalipenda kuliko chochote ninachowafundisha, pengine kwa sababu ya rangi ile.

Polikaboneti haina klorini, lakini haikatiki vizuri. Inageuka kahawia, inashika moto, inaacha masizi. ABS inayeyuka na moshi wake una sumu. Ngozi iliyolainishwa kwa kromiamu pia naikataa. Akriliki inakatika kama ndoto, kingo zake zinang'aa, lakini akriliki ni fueli. Ikishika moto inawaka taratibu, kwa kimwali kidogo, karibu bila sauti, ikidondosha matone yanayowaka kwenye kitanda cha masega chini. Masikio yangu hayo yote ninayojisifia hayaisikii. Plaiwudi utaisikia ikitatarika. Akriliki inaungua huku inanyamaza.

Kwa sababu hiyo tuna kiti. Kiko mbele ya dirisha la mashine, kimefungwa kwa mnyororo kwenye mguu wa meza ili asikihamishe mtu. Wakati leza inawaka, lazima kiti kiwe na mtu, na mtu huyo aangalie ubao, simu aiweke mfukoni. Akitaka kwenda msalani anasimamisha kazi kwa kitufe. Tulikuwa na kanuni iliyoandikwa "Usiiache mashine peke yake", na kila mtu aliivunja kwa sababu kila mtu ana tafsiri yake ya kuacha. Aliyesimama mlangoni anaongea na fundi wa cherehani alijiona yupo. Kiti hakina tafsiri. Nikipita nikakuta kitupu, nabonyeza kitufe chekundu, na dakika zake zinahesabiwa.

Moto mdogo ukitokea, kitufe kwanza, maana pampu na feni zinaupepea. Kitambaa kizito kilicholowa kinatosha kwa kimwali cha kidole. Zaidi ya hapo, mtungi wa kaboni dioksidi, ambao uko ukutani umbali wa hatua tatu, upande wa kutokea mlangoni, usilazimike kuuvuka moto ili kuufikia. Mtungi wa unga nao unazima, lakini unga wake unaingia kwenye reli, vioo na umeme, na mashine haitakuwa ile tena. Hata hivyo, kama ulio nao ni wa unga na moto unapanda, tumia huo. Mashine hununuliwa. Na moto ukishatoka nje ya mfuniko usijifanye shujaa: toa watu, piga 114, waache Zimamoto wafanye yao.

Kwenye moshi niliwahi kushindwa na upepo. Bomba la feni tulilitoa ukuta wa mashariki kwa sababu ndiko kulikokuwa na tundu. Kipindi cha kusi kilipoingia, upepo wa baharini ukawa unaurudisha moshi wote chumbani, nasi tunakohoa kwa gharama zetu wenyewe. Tukangoja kaskazi. Kaskazi nayo inatoka baharini! Tukatoboa magharibi, na huko tukamkuta mama lishe, ambaye chapati zake zilianza kunukia moshi wa mbao za MDF. Alikuja mwenyewe, hakupiga kelele, akaweka sahani moja mezani kwangu akasema, "Onja, baba." Nikaonja. Wiki iliyofuata bomba likapandishwa juu ya paa. Tulihamisha na feni pia, ikawekwa mwisho wa bomba badala ya mwanzo, ili bomba zima liwe linavuta. Likitoboka popote, hewa inaingia, moshi hautoki.

Usafi wa lenzi sitaki kuurefusha, ingawa ndio unaookoa pesa. Lenzi ni ya zinki selenaidi, ina rangi ya njano inayoelekea chungwa, na utomvu wa plaiwudi ukiganda juu yake unanywa leza, lenzi inapata joto, inapasuka. Siku ya mbao nyingi isafishwe siku hiyo hiyo, kwa karatasi ya lenzi na matone ya alkoholi ya isopropili, bila kukandamiza. Isifutwe kwa fulana. Ikivunjika, vaa glavu, okota vipande, futa vumbi kwa karatasi iliyolowa, nawa mikono. Vumbi lake ni sumu. Na leza ikipungua makali, safisha kwanza kabla hujaongeza nguvu. Watu huongeza nguvu kutoka asilimia 60 hadi 90, tyubu inachakaa kabla ya wakati, kumbe tatizo lilikuwa masizi ya kufutwa kwa dakika mbili.

Juzi tulimpokea binti mmoja wa hereni, wiki yake ya kwanza. Alikuwa amekaa kwenye kile kiti, anakata maua ya akriliki. Mimi nilikuwa upande wa pili, naongea na mteja. Akabonyeza kitufe mwenyewe, akaniita.

"Mjomba, feni imebadilika."

Mimi sikuwa nimesikia kitu. Nikasogea. Kweli, ule mvumo mzito wa basi ulikuwa umekuwa mwembamba, umepanda juu kidogo, kama mtu anayepiga mluzi kwa mbali. Feni iliyozibwa haina hewa ya kusukuma, mzigo unapungua, inazunguka kwa kasi zaidi, na sauti inapanda. Ndani ya mashine moshi ulikuwa umeanza kutanda juu ya akriliki yenye joto, na mvuke wa akriliki unashika moto.

Tukaweka ngazi, kijana mmoja akapanda juu ya paa. Mfuko wa saruji ulikuwa umepeperuka kutoka kwenye jengo jirani, ukafunika mdomo wa bomba. Akautupa chini. Binti alikuwa amebaki karibu na mashine, kichwa amekiinamisha, anasikiliza, mpaka mvumo ukarudi mzito. Ndipo akakaa.